Mchanga wa Mto, Bafu la Ndani

Mchanga wa mito ya Kitui husifiwa kwa mambo mawili, na kila sifa ina mahali pake. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa umekauka juu, watu huufukua mchanga hadi maji yatokee chini, wakayachota kwa kata, kidogo kidogo, mtungi ukajaa huku punda akisubiri kando. Hapo mchanga husifiwa kwa kuyaficha maji jua lisiyafikie. Kwenye mjengo, lori likishamwaga mchanga huohuo, fundi huusugua kiganjani aone kama una udongo, kisha akausifu kwa jinsi utakavyoshikana na saruji. Sifa ya kwanza ni ya wenye kiu, ya pili ni ya wenye kujenga. Bafu linalovuja huanza pale wajenzi wanapoisahau sifa ya wenye kiu.

Kati ya chembe na chembe za mchanga wa mto kuna nafasi. Mchanga ukishiba, robo hadi theluthi ya ujazo wake huweza kuwa maji. Juu ya hesabu hiyo ndogo yamejengwa mabwawa ya mchanga ya Ukambani: ukuta wa mawe na saruji hukatishwa mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na mvua ikishapita maji hubaki ndani yake. Shirika la SASOL, pamoja na vikundi vya wanakijiji, limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui tangu miaka ya 1990. Katika kazi hiyo, sehemu inayoamua kama bwawa litafaa ni ile isiyoonekana kazi ikiisha, yaani msingi. Ukuta usipokalia mwamba, maji hupenya chini yake, na kiangazi kikifika kijiji kinabaki na ukuta mzuri na mchanga mkavu.

Sasa uchukue mchanga huo, uuchanganye na saruji, uumwage kwenye sakafu ya bafu. Saruji hujaza sehemu ya zile nafasi, haizijazi zote. Maji yaliyotumika kukorogea nayo yakikauka huacha vijia vyembamba ndani ya mota. Mwagia maji ukuta uliopigwa plasta ambao haujapakwa rangi, utauona ukigeuka mweusi papo hapo: unakunywa. Grauti inayojazwa kati ya vigae ni ndugu wa mota, nayo inakunywa. Kigae chenyewe ndicho kisichokunywa. Kigae cha kaure hufyonza chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na ndiyo maana mwenye nyumba akikitazama kinang'aa huamini kwamba sakafu nzima imefungwa. Lakini maji hayahitaji kupita kwenye kigae. Yana mistari yote ya grauti, yana pembe zote za ukuta, yana ukingo wa trapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji. Kigae ni nguo ya sakafu, si koti la mvua.

Nayafikiria haya nikiwa na Tulia akilini, soko lililo kwenye barabara ya kutoka Kitui kwenda Kabati, lakini ningeweza kuyasema haya juu ya Matinyani au juu ya masoko ya Makueni ng'ambo ya Mto Athi. Katika vijiji vinavyozunguka masoko haya, nyumba mpya zinajengwa kwa ramani ambayo vizazi viwili vilivyopita ingeonekana ya ajabu: bafu limeingia ndani, ukuta mmoja na chumba cha kulala. Wanaolipa gharama mara nyingi ni watoto walioko Nairobi au Mombasa, wanaowajengea wazazi, au wanaojijengea mahali pa kurudi Desemba. Vigae navyo vimesogea karibu. Zamani kigae kilikuwa kitu cha meli na bandari. Tangu 2016 kiwanda cha Twyford huko Kajiado kimekuwa kikivifinyanga nchini, na katoni za vigae leo hupandishwa kwenye pikapiki pamoja na mabati na misumari.

Kilichobadilika zaidi ni usimamizi. Mwenye mjengo hayupo. Hutuma pesa kwa M-Pesa asubuhi, na jioni hudai picha. Fundi mwenye akili hujifunza upesi kwamba kuna kazi zinazopigika picha na kuna zisizopigika. Ukuta uliopanda kozi tatu unapigika. Vigae vilivyowekwa safu mbili vinapigika vizuri mno. Lakini mteremko wa sentimita 2 hauonekani kwenye simu. Dawa ya kuzuia maji iliyopakwa mara ya pili inafanana na ile ya mara ya kwanza, rangi ya kijivu ya tope. Siku ambayo fundi ameitumia kungoja mota ikomae ni picha ya sakafu ileile ya jana, na mwenye pesa huuliza, "Fundi, kwani leo mmelala?"

Aliyeko nyumbani ni mama, naye hubaki katikati.

"Mwaitu, leo hatutaweka kigae," fundi humwambia.

"Mwanangu, na huyu wa Nairobi nitamwambiaje? Pesa ametuma."

"Mwambie sakafu inangojwa."

Jibu hilo ni la kweli kabisa, na ni jibu gumu kulipia. Sakafu ya bafu ni mojawapo ya kazi ambazo nusu ya thamani yake iko katika kungoja, na nusu nyingine iko chini ya kitu ambacho mteja alikwenda dukani kukichagua.

Tuanze basi mahali fundi mzuri anapoanzia, ambapo ni mwisho wa safari ya maji. Kabla ya mchanga kuguswa huulizwa swali moja: yatatokea wapi? Bomba la inchi 2 hupitishwa chini likielekea nje likiwa na mteremko wake lenyewe, usiopungua sentimita 2 hivi kwa kila mita. Trapu ya sakafu hukazwa mahali pake, na mdomo wake ndio hutawala vipimo vingine vyote, kwa kuwa kila pembe ya sakafu lazima iwe juu yake. Fundi anayeanza kwa kupanga vigae kutoka mlangoni, kisha akatafuta jinsi ya kukutana na trapu, amekwisha kushindwa hata kama mkono wake ni mwepisi.

Kisha mteremko. Kipimo kinachofanya kazi ni sentimita 2 kwa kila mita. Bafu la mita 1.2 kutoka ukuta wa mbali hadi trapu linahitaji kushuka sentimita 2.4, unene wa vidole viwili vyembamba. Ukipunguza sana, maji hubaki yamesimama kama yanayongoja ruhusa. Ukizidisha, mzee wa miaka 70 mwenye sabuni mguuni atautambua mteremko kabla yako. Fundi huchora mstari wa usawa ukutani kuzunguka chumba, hunyoosha uzi kutoka kwenye mstari huo hadi kwenye trapu, huweka pima maji, husogeza, hutazama kiputo cha hewa kikihama, na kujaza mota chini ya uzi. Mota ya kazi hiyo ni kavu kidogo, saruji kipimo 1 kwa mchanga 3 au 4. Ukiibana kwenye ngumi inashikana bila kuchuruzika.

Uzi na pima maji vilijulikana Ukambani kabla ya bafu la ndani kufika. Kwa zana hizo hizo, uzi ulionyooshwa kati ya nguzo mbili na pima maji ikining'inia katikati, wakulima na maafisa wa kilimo wamekuwa wakipima matuta ya fanya juu kwenye vilima. Mtaro huchimbwa kufuata usawa wa kilima, udongo hutupwa upande wa juu, na misimu ikipita shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi.

Kazi hiyo ilikuja baada ya ugomvi mkubwa juu ya chanzo cha maradhi ya ardhi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwakamata ng'ombe wa Wakamba wa Machakos ikisema kwamba wingi wao ndio uliokuwa unaimaliza ardhi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Serikali iliachana na mpango wake wa kupunguza mifugo kwa lazima, naye Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu. Miongo iliyofuata, hasa kuanzia miaka ya 1950, matuta yalienea vilimani, mengi yakichimbwa na vikundi vya akina mama, mwethya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakaonyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka mara nyingi huku mmomonyoko ukipungua. Kati ya mengi yaliyobadilika kwenye vilima hivyo, moja lilikuwa wazi: maji ya mvua yalikuwa yameamuliwa mahali pa kwenda.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa bafu kwa watu wa nchi kavu. Elimu yetu yote ya maji ni elimu ya kuyazuia. Tuta huyazuia shambani, bwawa la mchanga huyazuia mtoni, tangi huyazuia chini ya paa mvua za Oktoba hadi Desemba zinapokuja, nazo ndizo tunazozitegemea zaidi. Mtoto wa Kitui hufundishwa mapema kwamba maji yanayotiririka yakaenda ni hasara. Bafu la ndani ni mahali pa kwanza katika boma ambapo tunayaambia maji yaondoke haraka na yasiache kitu nyuma. Zana ni ileile, uzi ni uleule, nia imepinduka. Shambani fundi wa matuta hutafuta kiputo kikae katikati. Bafuni fundi wa vigae hutafuta kiputo kihame, na kihame kiasi kilekile pande zote nne.

Na hauhitajiki mteremko mmoja, inahitajika miteremko miwili. Huu ndio moyo wa kazi, na ndio unaorukwa mara nyingi zaidi. Mteremko wa juu, ule wa kigae, hupeleka maji yanayoonekana kwenye trapu. Lakini tumekwisha kukubali kwamba mengine hupenya kwenye grauti. Yakifika chini na kukuta slabu tambarare, hulala hapo ndani ya mota, wiki baada ya wiki, kama yanavyolala katika mchanga wa mto. Mchanga haujui kwamba umehamishwa. Hufanya bafuni kazi uliyosifiwa mtoni: huyahifadhi maji, jua lisiyafikie. Baada ya muda grauti hubadilika rangi, harufu ya unyevu hupanda, na ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili, huanza kuvimba rangi chini karibu na kitanda. Chumvi nyeupe huchora ramani kwenye plasta. Watu hupaka rangi upya. Chumvi hurudi.

Kwa hiyo fundi anayejua hutengeneza mteremko wa kwanza wa mota, huuacha ukomae, na juu yake hupaka dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukikata njia ya wa kwanza. Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, huweka kitambaa cha wavu ndani ya dawa, kwa sababu hapo ndipo nyumba inapocheza, na ufa wa kwanza huzaliwa pembeni. Dawa hupandishwa ukutani, sentimita 15 kwa uchache kuzunguka chumba, na upande wa mrija wa kuogea hadi juu ya kichwa cha mwogaji. Hushuka pia ndani ya mdomo wa trapu. Juu ya hiyo ndipo gundi na kigae vitakuja, vikifuata mteremko uliokwisha kuwepo. Yatakayopenya yatakuta mlango umefungwa na njia ya kutokea imefunguliwa.

Wazo hili ni la kale sana. Huko Mohenjo-daro, katika Pakistani ya leo, kuna bwawa la kuogea lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Matofali yake yalibanwa kwa plasta ya jasi, na nyuma ya matofali wajenzi walipaka tabaka la lami, mahali ambapo hakuna mwogaji angeliona. Sakafu yake huinama kuelekea pembe moja, kwenye tundu la kutolea maji. Kila jambo ambalo fundi wa Tulia hubishania na mteja wake lilikuwa limekwisha kuamuliwa pale.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Lamu alikopelekwa Mbingu ni mji ambao nyumba zake kongwe za mawe zina bafu ndani kwa karne nyingi, zikitumia chokaa iliyosuguliwa hadi ikawa laini na ngumu kupenyeka. Ndani ya birika la kuogea waliweka bakuli la kaure chini, ili samaki wadogo waliofugwa wale viluwiluwi vya mbu wapate pa kukaa maji yakipungua. Zanzibar nayo ina Hamamni, mabafu yaliyojengwa wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Watu wa mwambao walijua kuishi na maji ndani ya kuta. Sisi wa bara tumelipokea bafu la ndani juzi, likiwa limefungwa kwenye katoni pamoja na picha ya kigae, na maarifa ya chini ya kigae hayakuandikwa kwenye katoni.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi wote, na Ukambani jaribio hilo linauma. Dawa ikishakauka, kabla ya kigae chochote, trapu huzibwa, kizingiti cha muda huwekwa mlangoni, na sakafu hujazwa maji. Usawa wake huwekwa alama ya penseli ukutani, na watu huondoka kwa saa 24. Kesho yake alama hutazamwa, na upande wa pili wa ukuta hupapaswa. Yakipungua zaidi ya yale yanayoweza kukauka kwa usiku mmoja, kazi hurudiwa, na hakuna kigae kilichopotea.

Hebu tupige hesabu. Bafu la mita 1.2 kwa 1.2, maji yakiwa na kina cha wastani wa sentimita 5, huchukua lita 72. Ni chini kidogo ya mitungi 4 ya lita 20. Kwa anayefungua bomba mjini ni kitu kidogo. Kwa mama aliyeyanunua kwa mwenye punda, au aliyeamka alfajiri kwenda kuyafuata mtoni, kumwaga mitungi 4 sakafuni ili kuitazama tu ni tusi. Namwelewa. Lakini maji hayo hayapotei: kesho yake huchotwa yakatumika kukorogea mota au kumwagilia zege linalokomaa. Na hata yangepotea, bafu linalovuja kimyakimya litamlia mitungi 4 hiyo mara nyingi, na baada yake litamlia ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, nao hawakuwa na vigae.

Baada ya hapo kigae ni kazi ya starehe, ingawa nayo ina sheria zake. Kigae kikubwa cha sentimita 60 kwa 60 hakijui kupinda. Sakafu inayoinama kutoka pande nne kuelekea tundu la katikati hukivunja kigae hicho au hukiacha kikiwa na pembe iliyonyanyuka inayokata kidole. Vigae vidogo hufuata mteremko kwa urahisi, na mistari yao mingi ya grauti huupa mguu mahali pa kushika. Anayetaka kigae kikubwa lazima akubali tundu refu la ukutani na mteremko wa upande mmoja. Gundi ienezwe nyuma ya kigae kizima. Madonge matano, manne pembeni na moja katikati, huacha mapango chini, na mapango hayo hujaa maji. Kikikauka, kigonge kwa mpini wa mwiko. Kinacholia kikavu na kizito kimeshika. Kinacholia kama debe kina hewa chini. Na pale kigae cha sakafu kinapokutana na cha ukuta, grauti ipishe silikoni, kwa kuwa pembe hucheza na grauti haichezi.

Jambo moja zaidi linazihusu nyumba zetu za Desemba. Ndani ya trapu hubaki maji kidogo, kina cha sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na mende wa shimo la maji taka wasipande. Mwaka 1775 Alexander Cumming alipata hataza huko London kwa choo chenye bomba lililopindwa likabakiza maji, na tangu hapo kila bafu linalotumia trapu linaishi kwa ujanja huo. Lakini ujanja huo unadhani kuna mtu anayeoga. Nyumba iliyofungwa Januari na kufunguliwa Desemba, katika joto la Kitui, hukausha maji hayo, na mlango ukafunguka wenyewe. Wenye nyumba huingia, wakasikia uvundo, wakamlaumu fundi. Dawa yake ni kikombe cha maji kila baada ya wiki chache, kwa mkono wa jirani aliyeachiwa ufunguo, au vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu ya maji ya trapu siku ya kuondoka, ili yasikauke upesi.

Bomba likishatoka nje ya ukuta swali la mwanzo hurudi. Bafu la zamani la nje, mabati matatu na jiwe bapa la kusimamia, lilikuwa na jibu ambalo tumelitupa bila kulifikiria. Maji yalipita chini ya bati yakaufikia mgomba au mpapai uliopandwa hapo kwa makusudi, na mpapai huo ndio uliokuwa ukizaa kiangazi. Tulipoliingiza bafu ndani tuliyaunganisha maji ya kuoga na ya choo katika bomba moja, tukayapeleka yote shimoni. Mrija wa kuogea hutoa lita 6 hadi 10 kwa dakika. Dakika tano za mtu mmoja ni mitungi miwili, ikimwagwa gizani chini ya ardhi ambayo juu yake mahindi yanakauka. Kulitenga bomba la bafu na la choo tangu siku ya msingi kunagharimu urefu wa bomba na kiungo kimoja au viwili. Kulitenga baada ya vigae kuwekwa kunagharimu vigae. Maji ya sabuni kidogo yakiingia kwenye shimo la mizizi ya mgomba, yakafunikwa na majani makavu yasitengeneze dimbwi la mbu, yanafanya kazi ya pili. Elimu yetu ya kuzuia, ambayo bafuni ilitulazimu tuiweke kando, nje ya ukuta inarudi kuwa na haki.

Na hatimaye turudi kwa mchanga wenyewe, kwani hautoki hewani. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, baada ya malori kuichimba mito hadi visima vya kando vikakauka. Sababu ni ileile ya mwanzo: mchanga ndio ghala la maji. Kila lori linaloondoka mtoni hubeba nafasi ambamo maji ya mtu fulani yangengoja kiangazi. Bafu la ndani, basi, limejengwa kwa sehemu ya kisima cha jirani. Hilo si kosa; nyumba lazima zijengwe, na mzazi ana haki ya kuoga ndani usiku wa baridi bila kushika tochi. Lakini bafu lililobomolewa baada ya miaka mitatu kwa sababu halikuwa na mteremko wa chini linadai lori la pili kutoka mto uleule. Kazi iliyofanywa mara moja ikafanywa vizuri ni namna ya kuhifadhi mto, hata kama hakuna sheria inayoitaja.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ukishaingia, waulize wenyeji kuna nini chini ya kigae. Wewe unayetuma pesa kutoka Nairobi, usiombe picha ya vigae tu. Omba picha ya pima maji juu ya mota. Omba picha ya alama ya penseli ukutani leo, na nyingine kesho saa ileile. Fundi akikuambia anahitaji siku mbili za kungoja na mitungi minne ya maji ya kumwaga, mpe, na umlipe siku hizo kama unavyomlipa siku za vigae. Anayekataa kujaribu sakafu kwa maji, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, mtafutie kazi ya ukuta wa sebule.